Sindano na Miguu ya Wazee

Somo hili lilitolewa redioni katika mfululizo wa historia ya uganga na udaktari. Limepigwa chapa kama lilivyosemwa, ili vikundi vya wasomaji vilisome na kulizungumza.

  

Leo tutaanza nyumbani, si kitabuni. Mtazame mzee wa nyumba yako, yule aliyepita miaka 80. Mtazame anapoinuka asubuhi. Kwanza huweka kiganja juu ya goti. Kisha hunyamaza kidogo, kama mtu anayekumbuka deni. Halafu huinuka nusu, akashika ukuta, akangoja kiuno kimpe ruhusa. Toka kitandani mpaka mlangoni ni hatua sita. Wewe hujapata kuzihesabu hata siku moja. Yeye huzihesabu kila siku, na ukimwuliza atakwambia kuwa mwaka jana zilikuwa nne.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa hivyo. Alipigwa chuku kiunoni, akachanjwa magotini na kusuguliwa dawa, akakandwa kwa maji ya moto, na jioni mtu akimwuliza hali, alijibu, “Leo afadhali.” Mimi nilikuwa mtoto, nikadhani afadhali ni kupona. Sivyo. Afadhali ni neno la mtu aliyekwisha kupatana na maumivu yake, akapunguziwa bei kidogo. Lishike neno hilo, maana somo letu lote la leo ni kutafuta uzito wake.

Kwa muda wa miaka 2,000 na zaidi, watu wa China, na baadaye watu wa nchi nyingine nyingi, wamesema kwamba sindano nyembamba ikichomwa mwilini mahali panapostahili huondoa maumivu, na kwamba mtu aliyekaa kitini kwa ajili ya magoti yake huweza kuinuka akaenda. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ni kweli kwa mzee wa miaka 90 pia? Tutalifuata jambo hili toka mwanzo wake.

Kitabu kikuu cha uganga wa Kichina huitwa Huangdi Neijing, nacho kilikusanywa karibu na karne ya 2 au ya 1 kabla ya Kristo. Kimeandikwa kama mazungumzo kati ya mfalme wa kale na mganga wake, Qi Bo. Na swali la kwanza la mfalme ni lipi? Ni juu ya uzee! Amesikia kwamba watu wa zamani walifika miaka 100 na bado viungo vyao vilikuwa na nguvu, lakini watu wa wakati wake wakifika 50 tu wamekwisha chakaa. Anataka kujua sababu. Qi Bo hamjibu kwa sindano. Humwambia habari za kula kwa kiasi, kulala na kuamka kwa utaratibu, na kutojichosha ovyo. Sindano zaja baadaye. Mimi hupenda kuwakumbusha watu jambo hili, kwa sababu wengi wanaokitaja kitabu hicho hawajui kuwa kimeanza hivyo.

Katika kitabu hicho maumivu ya viungo yana sura yake, na ugonjwa wenyewe huitwa bi, yaani kuziba. Wasema kuwa upepo, baridi na unyevu vikichanganyika na kuingia mwilini, huziba njia ambamo nguvu ya uhai hupita, na hapo pakaanza kuuma. Sasa angalia. Sisi kwa Kiswahili ugonjwa huo twauita baridi yabisi, yaani ubaridi na ukavu, kwa hesabu ya matabibu wa Kiyunani na Kiarabu waliougawa ulimwengu katika joto na baridi, unyevu na ukavu. Basi Mchina na Mwarabu wamekubaliana juu ya baridi. Juu ya unyevu na ukavu wameachana. Na mzee mwenyewe, awe wa Beijing au wa Bagamoyo, hana haja na ubishi huo. Yeye ajua tu kuwa likija wingu, goti hupata habari kabla ya macho.

Sindano za kale hazikuwa kama za leo. Kitabu hicho chataja aina tisa, na baadhi yake ni visu hasa, vya kupasulia majipu; moja, iliyo nene, kazi yake ni kutoa maji katika maungio. Tumepata pia ushahidi wa makaburi. Mwaka 1973 huko Mawangdui, katika kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, zilifukuliwa hariri zilizoandikwa habari za njia za mwilini na za kuchoma ngozi kwa majani yanayofuka moshi, lakini sindano za tiba hii hazikutajwa. Huko Mancheng, katika kaburi la mwana wa mfalme aliyekufa mwaka 113 kabla ya Kristo, zilikutwa sindano za dhahabu na za fedha. Kwa hiyo mtu akikwambia kuwa tiba ya sindano kama tuijuavyo ina miaka 5,000, mwulize amezipata wapi zile 3,000 za juu.

Katika karne ya 3 baada ya Kristo alikuwako mwanachuoni Huangfu Mi, aliyezaliwa mwaka 215. Yeye mwenyewe aliugua maradhi ya upepo ya viungo, na katika ugonjwa huo hakuweka kitabu chini. Alikusanya maandiko yote ya sindano aliyoyapata, akayapanga, akataja majina ya nukta 349 mwilini. Si mara ya mwisho katika habari hizi kumwona mgonjwa akiwa ndiye mwalimu. Baadaye, mwaka 1027, mganga wa ikulu Wang Weiyi alitengeneza sanamu mbili za watu za shaba, zenye matundu katika kila nukta. Yasimuliwa kuwa sanamu ilipakwa nta nje, ikajazwa maji ndani, na mwanafunzi katika mtihani wake alipaswa kuchoma sindano. Akipata nukta, maji hutoka. Akikosa, sindano hupinda na mtihani umemshinda. Iweke akilini sanamu hiyo. Tutakutana nayo tena, na safari hiyo haitakuwa na furaha.

Sasa tufanye kazi ya mikono kidogo. Kaa kitini, kunja goti lako. Tafuta pia ya goti, yule mfupa wa mviringo wa mbele. Weka vidole vinne vya mkono chini yake, vikiwa vimeshikana. Pale kidole cha mwisho kinapoishia, sogea upande wa nje wa muundi kwa upana wa kidole kimoja. Bonyeza. Utasikia panauma kidogo, uchovu wa nyama. Mahali hapo huitwa Zusanli. Zu ni mguu, san ni tatu, na li ni kipimo cha safari, ambacho siku hizi ni nusu kilometa. Maelezo yanayopendwa na watu ni kwamba mtu aliyechoka kabisa akitibiwa hapo huweza kutembea li tatu zaidi. Wengine husema jina latokana tu na umbali wa vipimo vitatu vya mwili chini ya goti, wala halina safari ndani yake. Lolote lililo kweli, hii ndiyo nukta ya wasafiri na wazee. Mshairi wa Kijapani Matsuo Bashō, alipojiandaa kwa safari yake ndefu ya kaskazini mwaka 1689, ameandika kuwa alishona suruali iliyochanika, akabadili kamba ya kofia, na akajichoma mguuni pale pale kwa majani makavu. Majani hayo ni ya mmea wa jamii ya pakanga. Huviringwa donge dogo, hutiwa moto, na joto lake hupenya ngozi. Kwa Wachina na Wajapani, sindano na moto huo ni ndugu wawili wasioachana.

Katika Japani ya siku hizo aliishi Sugiyama Waichi, aliyezaliwa mwaka 1610 na kupofuka angali mtoto. Alifundishwa sindano mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, lakini alikuwa mzito wa kushika, na mwalimu wake akamfukuza. Wasimulia kuwa alikwenda kufunga na kuomba katika kisiwa cha Enoshima, na aliporudi alijikwaa juu ya jiwe, akaanguka, na kitu kikamchoma. Alipopapasa akakuta ni jani la msonobari, jembamba kama sindano, limo ndani ya bomba la mwanzi. Hadithi hiyo yaweza kuwa imepambwa. Lakini bomba lenyewe ni la kweli. Sindano nyembamba sana hupinda mtu akiisukuma kwa mkono. Ikiwekwa ndani ya kibomba na kugongwa kichwa, huingia bila mgonjwa kusikia. Fikiri maana yake kwa ngozi ya kikongwe, iliyo laini kama karatasi ya sigara! Sugiyama alipata umaarufu hata akamtibu mtawala mkuu wa nchi, Tsunayoshi, na shule za kuwafundisha vipofu kazi hiyo zikaanzishwa. Alikufa mwaka 1694. Hata leo, Wajapani wasioona bado wapo katika kazi ya sindano, na sehemu kubwa duniani hutumia bomba lile.

Wazungu walipataje habari? Kwa njia ya miguu inayouma. Huko Batavia, mji unaoitwa sasa Jakarta, alikaa mchungaji Mholanzi, Hermann Buschoff, aliyesumbuliwa miaka mingi na jongo la miguu. Madaktari wa kwao walishindwa. Mwishowe alimkubali mganga mmoja, mwanamke, ambaye alimchoma miguu kwa yale majani yafukayo. Buschoff akapata usingizi, akapata nafuu, na akaandika kitabu kilichotoka kwa Kiholanzi mwaka 1675 na kwa Kiingereza London mwaka uliofuata. Jina la mchungaji limebaki katika historia. La yule mama aliyemtibu silijui, wala sijapata kuliona likitajwa.

Mwenzake, daktari Willem ten Rhijne, alifanya kazi mwaka 1674 hadi 1676 katika kisiwa kidogo cha Dejima, Nagasaki, ambako Wajapani waliwaweka Waholanzi kama watu wa karantini. Mwaka 1683 kitabu chake kilichapishwa London kwa Kilatini. Sehemu yake ya kwanza ni juu ya ugonjwa wa viungo. Sehemu nyingine ni juu ya sindano, na kwa sindano hizo alitumia neno la Kilatini lenye maana ya kuchoma kwa sindano, ambalo leo twalisikia kama akupancha. Basi neno lenyewe limezaliwa ubavuni mwa baridi yabisi. Alizitazama picha za njia za mwilini akadhani ni mishipa ya damu, akaona kuwa Wachina hawaijui mishipa vizuri. Kosa hilo la kufasiri picha liliwafuata Wazungu kwa miaka mingi.

Katika karne ya 19 madaktari wa Ufaransa na Uingereza walizijaribu sindano kwa hamu. Mwaka 1827 John Elliotson wa hospitali ya St Thomas, London, alitangaza kuwa kati ya wagonjwa 42 wa baridi yabisi aliowachoma, 30 walipona. Hesabu nzuri! Lakini wewe uliyefuata masomo yetu yaliyopita utauliza: hao 30 wamelinganishwa na nani? Maumivu ya viungo yana tabia ya kupanda na kushuka. Mgonjwa huenda kwa daktari siku yalipopanda. Na yakishuka, daktari huchukua sifa. Elliotson hakuwa na kundi la pili la kulinganisha. Wakati ule karibu hakuna aliyekuwa nalo.

Na sindano wakati mwingine zilishindwa hadharani. William Osler, aliyekuja kuwa tabibu mashuhuri kuliko wote wa zama zake, alipokuwa kijana huko Montreal, Kanada, alimtibu tajiri wa sukari Peter Redpath, mtu mzima aliyesumbuliwa na kiuno kisichosikia dawa. Harvey Cushing, aliyeandika maisha ya Osler, amesimulia kuwa kila sindano ilipoingia, bwana mkubwa alitoa matusi mfululizo, na mwishowe akainuka akaondoka akichechemea, kiuno kile kile. Osler alihuzunika, maana alitumaini kuwa nafuu ya Redpath ingekiletea Chuo Kikuu cha McGill fedha nyingi. Hakukata tamaa na sindano hata hivyo. Katika kitabu chake kikubwa cha udaktari cha mwaka 1892 bado alizisifu kwa maumivu ya kiuno, akasema kuwa hata sindano za kubania kofia za wanawake, za inchi 3 au 4, zafaa zikisafishwa. Na Redpath naye hakuwa mtu wa kisasi: majengo ya makumbusho na maktaba ya McGill alitoa yeye.

Huko China kwenyewe mambo yalikuwa yamegeuka. Mwaka 1822 ikulu iliamuru sindano ziondolewe katika chuo cha matabibu wa mfalme, na kwa zaidi ya miaka 100 ikawa kazi ya waganga wa mitaani. Aliyeiinua tena hasa ni Cheng Dan'an, aliyezaliwa mwaka 1899. Naye pia alikuwa mgonjwa kwanza. Kiuno chake kilitibiwa kwa sindano na baba yake mzazi. Alifungua shule, akazifanya sindano ziwe nyembamba, akazihamisha nukta mbali na mishipa ya damu. Serikali mpya iliyoshika nchi mwaka 1949 ilikuwa na watu wengi na madaktari wachache, ikaona sindano ni rahisi na zabebeka mfukoni. Kwa njia hiyo zilifika hata kwetu. Madaktari wa China walianza kuja Unguja tangu mwaka 1964 na Tanzania Bara tangu 1968, na baina ya waliokuja kwa zamu kwa miaka hiyo yote walikuwamo waganga wa sindano. Wazee wengi wa pwani waliokuwa wakijua chuku na chanjo tu walilala kitandani mwa Mchina na kuchomwa chini ya goti, pale pale ulipobonyeza wewe punde hivi.

Marekani walishtuka mwaka 1971. Mwandishi wa gazeti la New York Times, James Reston, alipasuliwa kidole tumbo mjini Beijing. Tumbo likamjaa gesi baada ya kupasuliwa, na mganga akamchoma sindano kwenye kiwiko na chini ya magoti. Habari ilitoka tarehe 26 Julai. Watu wakasimuliana kuwa amepasuliwa bila dawa ya ganzi, kwa sindano tu. Si kweli, na mwenyewe alieleza wazi kuwa alipewa dawa ya kawaida. Lakini uvumi una miguu mizuri kuliko ya wazee.

Baada ya hapo wanasayansi waliingia kazini. Mwaka 1975 ilijulikana kuwa ubongo hutengeneza dawa yake yenyewe ya maumivu, inayofanana kazi na afyuni. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwachoma watu sindano, maumivu ya meno yakapungua; walipowapa dawa inayozuia afyuni, maumivu yakarudi. Mwaka 2010 wengine wakachoma panya karibu na goti, katika nukta ya Zusanli, wakaona mwili unatoa mahali pale kemikali ya kutuliza. Kwa hiyo sindano si maneno matupu. Jambo fulani hutukia.

Lakini je, ni jambo la sindano tu? Hapa ndipo patamu. Mwaka 1998 madaktari wa Ujerumani walionyesha sindano ya uongo, butu, ambayo ikibonyezwa huingia katika mpini wake kama jambia la wachezaji wa kuigiza. Mgonjwa huiona imeingia, husikia mguso, kumbe haikupenya. Sasa watu waliweza kugawanywa: hawa sindano ya kweli, hawa ya uongo, na hakuna mgonjwa ajuaye yuko wapi. Njia nyingine ilikuwa kuchoma juujuu tu mahali pasipo na nukta. Ujerumani mwaka 2006 walitoa matokeo ya watu zaidi ya 1,000 wenye magoti yaliyolika. Baada ya majuma 26, kati ya kila 100 waliochomwa katika nukta za kweli, 53 walipata nafuu ya maana. Kati ya 100 waliochomwa juujuu mahali pa uongo, 51. Na kati ya 100 waliopata uangalizi wa daktari na dawa bila sindano, 29.

Soma tena tarakimu hizo. Sindano, za kweli na za uongo, zilizipita dawa kwa mbali. Lakini kati ya mahali pa kweli na pa uongo tofauti ni watu wawili. Ni msiba kwa yule mwanafunzi wa sanamu ya shaba! Mtihani wake wote ulikuwa wa kupata tundu, na goti la Mjerumani halikujali sana tundu.

Majaribio mengine yalitofautiana. Marekani mwaka 2004, watu 570, sindano za kweli ziliwasaidia kutembea na kupunguza maumivu kuliko za uongo. Australia mwaka 2014, watu 282 wenye miaka 50 na zaidi, hazikuzidi. Mwaka 2018 yakakusanywa majaribio 39 yenye karibu watu 21,000 wa maumivu ya muda mrefu, ikaonekana kuwa sindano ya kweli huizidi ya uongo kidogo, na huzidi kutotibiwa kwa sindano kwa kiasi kikubwa zaidi. Kwa vitabu hivyo hivyo, washauri wa serikali ya Uingereza wamesema sindano zisitolewe kwa magoti yaliyolika, na bima ya wazee ya Marekani tangu Januari 2020 huzilipia kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Wenye elimu nao hugombana, ndugu msikilizaji. Mimi naona wote wawili wana haki: mmoja ameuliza kama ncha ya sindano ina nguvu, mwingine ameuliza kama mgonjwa amepata nafuu.

Na vikongwe? Hapa elimu ni nyembamba, na napenda niseme waziwazi. Wengi wa watu hao wa majaribio walikuwa na miaka 60 na kitu. Mzee wa 90 huachwa nje: ana presha, ana sukari, husahau, hawezi kupanda gari mara mbili kwa juma. Jaribio moja kubwa lililotangazwa Marekani mwaka 2025 liliwachukua watu 800 wenye miaka 65 na zaidi, wote wenye maumivu ya kiuno. Waliopata sindano pamoja na matibabu yao ya kawaida walifanya kazi zao za nyumbani kwa nafuu kidogo kuliko wenzao, na nafuu hiyo ilidumu hadi mwaka. Haikuwa kubwa. Hakukuwa na sindano ya uongo, hivyo hatujui sehemu ipi ni ya ncha na ipi ni ya mkono ulioishika.

Kwa nini basi tujisumbue? Kwa sababu mzee ana njia chache. Vidonge vya maumivu vinavyomfaa kijana humtoboa mzee tumbo na kumwumiza figo. Vikali zaidi humlevya, akaanguka usiku, akavunjika nyonga. Kitu chochote kinachopunguza maumivu bila kuongeza kidonge kina thamani yake. Sindano ina hatari zake pia, chache lakini za kweli. Ikichomwa vibaya kifuani hutoboa pafu. Mzee anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda aseme kabla ya kuchomwa. Na sindano iliyotumika kwa mtu mwingine hupitisha homa ya ini. Itolewe katika pakiti iliyofungwa, machoni pako, au urudi nyumbani.

Tena kuna jambo ambalo sindano haiwezi kulifanya, nalo ni kurudisha nyama iliyokwisha pajani. Maumivu humkalisha mzee. Kukaa humla miguu. Miguu ikiliwa, maumivu yakiondoka bado hawezi kuinuka. Mwaka 1990 mjini Boston, wazee dhaifu 10 wenye miaka 86 hadi 96, waliokaa katika nyumba ya wazee, walifundishwa kunyanyua uzito kwa miguu, majuma 8. Tisa walimaliza. Nguvu zao ziliongezeka zaidi ya mara mbili, na wawili waliacha mikongojo. Basi nikiulizwa na mtu mwenye mama wa miaka 88, nasema: kama sindano safi ipo karibu na fedha ipo, ajaribu mara sita au nane, na siku ile ile goti linapolegea, asirudi kulala. Ashike kiti, akae, ainuke, akae, ainuke. Ile saa ya nafuu ndiyo saa ya kazi.

Kazi ya vikundi kwa juma hili ni hii. Chagueni mzee mmoja anayekubali. Pimeni toka kitini mpaka mlangoni na kurudi. Mwacheni aende kwa mwendo wake, na mmoja wenu atazame saa na kuandika ni sekunde ngapi, na hatua ngapi. Rudieni baada ya majuma manne. Iwapo katika muda huo atapigwa chuku, au kukandwa, au kuchomwa sindano, andikeni tarehe pembeni. Akisema “Leo afadhali,” msibishane naye wala msimshangilie. Iandikeni afadhali yake katika mstari wake, na sekunde katika mstari wa chini.

Mimi sikupata kumpima bibi yangu. Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma historia ya miwani.